Kuzidisha kwa Nane

Harufu ya viazi vitamu vikichemka ndani ya chungu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba hunirudisha nyumbani haraka kuliko picha yoyote. Nyumbani ni Kosele, upande wa Homa Bay, ambako viazi hukubali hata pale mahindi yanapokataa, na harufu ninayoisema ni ya Ijumaa alasiri, katikati ya miaka ya tisini, ndani ya jiko la Dani. Dani ndilo jina tulilomwita nyanya yetu, mama yake Baba. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo chakula cha Jumamosi kilipaswa kuiva kabla jua la Ijumaa halijatua, na tangu saa nane mchana jiko lile lilijaa moshi, jasho na maneno. Mama alikuwa akipepeta huku akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, Baba alikuwa njiani kutoka Rongo alikofanya useremala, na Dani alikuwa kwenye kigoda chake, mguu mmoja umenyooshwa, akitia viazi chunguni.

Dani hakutia viazi ovyo. Aliokota kimoja, akakipangusa udongo, akakitazama kana kwamba kina uso, kisha akakitia huku akitaja mwenyewe. Cha Achieng. Cha Ouma. Cha Atieno. Cha Awuor, yaani mimi, na changu sikuzote kilikuwa na kasoro fulani, nami sikukosa kulalamika. Cha Omondi. Cha Okoth, kitinda mimba wetu, ambacho kilikuwa kidogo na laini kwa sababu ya meno yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kujua kama sote tupo. Kesho yake, baada ya kanisa, vilipangwa juu ya uteo katikati yetu, kila mtu akachukua kimoja, na ikiwa kimoja kimebaki, basi kuna mtoto aliyezubaa mtoni. Kutuhesabu hakuthubutu. Kwetu watoto hawahesabiwi. Unaweza kuhesabu mbuzi wa mtu mwingine, magunia, hata hatua zako ukipenda, lakini watoto wa nyumba wanatajwa kwa majina, kwa sababu ukishasema wako wangapi, umemwonyesha asiyekupenda mahali pa kupunguza. Ninaandika haya nikiwa mtu mzima mwenye kazi na kitambulisho, na bado mtaona kwamba nimewapa majina tu. Idadi mtaijua wenyewe, mimi mkono wangu unakataa.

Achieng, dada yetu mkubwa, alikuwa darasa la saba mwaka ule, na kichwa chake hakikujua kupumzika. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kugawanya kwa desimali na akawaambia waishie nafasi mbili. Achieng hakuweza kuishia nafasi mbili. Ilimkera kama mlango ulioachwa wazi. Alirudi nyumbani, akachukua kijiti, akachuchumaa nyuma ya jiko na kugawanya moja kwa saba. Aliichagua saba kwa sababu ya Sabato. Kumi kwa saba ni moja, baki tatu. Thelathini kwa saba ni nne, baki mbili. Ishirini, mbili, baki sita. Sitini, nane, baki nne. Arobaini, tano, baki tano. Hamsini, saba, baki moja. Hapo akasimama, kwa sababu ile moja aliyoanza nayo ilikuwa imerudi mlangoni, na mambo yote yalilazimika kuanza upya. Aliandika chini kwenye mchanga, akirudi kinyumenyume, mpaka akafika kwenye ua wa mkonge: 142857142857142857, bila mwisho. Alituita twende tutazame. Ouma, aliyekuwa na miaka kumi na mzaha mwingi, alisema ni njia ya siafu. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, kwa sababu nilidhani kitu kisicho na mwisho ni Mungu peke yake.

Kilichofuata alikigundua kichwani, Jumamosi alasiri. Siku hiyo tulikatazwa mpira na kuruka kamba na kila kitu kinachofanana na furaha, lakini hakuna aliyewahi kufikiria kukataza hesabu za kichwani. Achieng alikuwa amelala chali kwenye nyasi, Okoth amemkalia tumboni, naye akaanza kuizidisha nambari yake. Mara mbili ilitoka 285714. Mara tatu, 428571. Akaketi ghafla, Okoth akaanguka. Mara nne, 571428. Mara tano, 714285. Mara sita, 857142. Zilikuwa tarakimu zile zile, kwa mpangilio ule ule, isipokuwa kila safari mwingine alitangulia na wengine wakamfuata kwa mduara. Hakuna aliyeongezeka, hakuna aliyeachwa. Mara saba akapata 999999, akacheka kwa sauti mpaka Mama akamkemea kutoka ndani. Alitueleza kama mtu aliyeota ndoto ya kweli: hizi zingine ni siku za kazi, kila moja inapata zamu yake ya kuwa mbele, na siku ya saba wote wanakuwa sawa na kupumzika. Nilikuwa na miaka minane nami nikaamini kabisa kwamba dada yangu ameona mahali ambapo wachungaji hawajafika.

Jumamosi iliyofuata akatugawia. Yeye mwenyewe moja, Ouma nne, Atieno mbili, mimi nane, Omondi tano, Okoth saba. Nilipouliza kwa nini mimi ni nane alisema nane ina tumbo juu na tumbo chini, na nikanuna mpaka jua likapinda. Tuliketi kuuzunguka uteo kwa mpangilio huo, na anayetangulia kunawa na kuchagua kiazi alikuwa yule ambaye nambari imemweka mbele, kila Sabato tukizidisha kwa moja zaidi. Sabato ya kwanza ikawa ya Achieng, ya pili ya Atieno, kisha Ouma, kisha Omondi. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na amani kama ile. Zamani Ouma na Omondi walipigana kila wiki kwa ajili ya kiazi kilichoungua kidogo chini, kile kitamu kama sukari guru, na sasa walisubiri zamu zao kama wazee wa kanisa. Mama alishangaa, akamshukuru Mungu, hakuuliza.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Achieng alituonyesha baadaye, akilinong'ona. Katika ule mduara, mtu na yule anayemkabili ng'ambo ya pili ya uteo hufanya tisa. Nne ya Ouma na tano ya Omondi. Mbili ya Atieno na saba ya Okoth. Moja yake na nane yangu. Basi mimi ndiye niliyekuwa mwenzake, na tangu siku hiyo nikaipenda nane yangu na matumbo yake yote. Okoth, ambaye hakujua saba ni nini, aliijua kama jina. Ukimuuliza, "Wewe ni nani?" alijipiga kifua na kusema, "Saba!" kisha akamnyooshea kidole Atieno ili naye aseme mbili, na Atieno asiposema haraka, alilia. Sabato ya tano ilipokuwa zamu yake kutangulia, alizamisha mikono yote miwili ndani ya beseni mpaka viwiko, akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akashindwa kukimaliza. Nilimwona Achieng akikimenya kile kilichobaki na kumlisha kidogo kidogo, kwa kuwa aliketi ubavuni pake, mwisho wa nambari ukigusana na mwanzo wake.

Sabato ya saba wote tulikuwa tisa. Tulinawa kwa pamoja, tukaingiza mikono kwenye uteo kwa pamoja, tukipiga kelele "Tisa! Tisa! Tisa!" na Okoth akipiga kelele kuliko wote. Dani alitoka kwenye nyumba yake akiwa amejifunga kanga juu ya gauni la kanisa, akasimama nyuma yetu. Aliuliza kwa upole ni mchezo gani huu, na kwa nini mtoto wa mwanawe anaitwa saba. Achieng alimweleza kila kitu kwa fahari, na nadhani alikuwa amejiandaa siku nyingi kwa swali hilo, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Alisema hajatuhesabu. Kuhesabu ni moja, mbili, tatu, nne. Katika nambari hii hakuna tatu, hakuna sita, wala hazifuatani, na anayetangulia leo kesho yuko nyuma. Hata mtu mbaya akisikiliza kichakani hawezi kujua tuko wangapi. Nakumbuka jinsi uso wake ulivyong'aa. Alikuwa ameupita mwiko kwa mlango wa nyuma, bila kuuvunja.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "na nani amekuambia kifo hakijui kuruka tatu?"

Kisha akaenda zake kulala kidogo, kama alivyozoea baada ya chakula. Achieng aliangalia kiazi chake. Ouma alijaribu kucheka na hakuna aliyemfuata. Miaka ile makaburi mapya yalikuwa mengi katika maboma ya upande wetu, watu wazima wengi wakikonda na kuzikwa bila ugonjwa wao kutajwa, na sisi watoto tulijua kunyamaza kabla ya kujua sababu.

Homa ilimpata Okoth Jumatatu. Ulikuwa msimu wa mvua, mbu walikuwa wengi, na watoto wengi katika kijiji walikuwa na homa. Nayasema haya sasa, wakati ule sikuyafikiria. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, akarudi naye na dawa, na Jumatano alionekana kupata nafuu, akaomba maji, akaomba kiazi. Alhamisi asubuhi alikuwa amekwenda. Alizikwa Ijumaa alasiri, haraka, ili Sabato isitukute kaburini, kwenye upande wa boma karibu na ule ua wa mkonge ambako njia ya siafu ya Achieng ilikuwa imefutwa na mvua. Kwaya iliimba. Mama hakuimba sauti ya pili. Achieng alisimama upande wa kichwani, mikono nyuma, midomo ikisogea kidogo, na nilidhani anaomba.

Ninachokumbuka zaidi ni kwamba siku hiyo hiyo, watu walipokwisha kutawanyika, Dani alikwenda jikoni akatia viazi chunguni. Nani angemlaumu, Sabato ilikuwa inaingia na watu lazima wale. Nilikaa mlangoni nikasikia sauti yake. Cha Achieng. Cha Ouma. Cha Atieno. Cha Awuor. Cha Omondi. Na mdomo wake, uliozoea miaka yote, ukaendelea peke yake. Alipokitaja cha mwisho kilikuwa tayari kimezama. Kesho yake tuliketi kuuzunguka uteo tukiwa na pengo kati ya Omondi na Achieng, Atieno akikodoa macho ng'ambo ambako hakukuwa na mtu wa kufanya naye tisa. Hakuna aliyeuliza nani anawe kwanza. Tulikula tukiwa tumeinamisha vichwa, na mwishowe kiazi kidogo, laini, kikabaki katikati ya uteo. Hatukukigusa. Kilikaa pale mpaka jioni, kikipoa na kukunjamana ngozi, na sisi tukipita mbali nacho kama kinachoweza kutuita.

Dani hakumlaumu Achieng, wala siku moja. Hakuhitaji. Lile swali lake lilikuwa limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga, na kila mtu alijua limeelekezwa kwa nani. Achieng aliacha hesabu. Mwanzo tulidhani ni msiba tu, utapita. Lakini aliacha kusema hata saa. Ukimuuliza ni saa ngapi alikuambia jua liko wapi. Baba alikaa naye chini ya ukuta wa jiko akambembeleza, akamkumbusha alivyokuwa wa kwanza darasani, akamwambia Mungu hachukui watoto kwa ajili ya mchezo. Alimsikiliza kwa heshima. Siku ya mtihani wa darasa la nane aliandika jina lake juu ya karatasi ya hesabu, akaweka kalamu chini, akakaa mpaka kengele ikalia. Alituambia mwenyewe jioni hiyo, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imekatika. Baba alitoka nje. Niliumia sana, na sikujua kama ninamlilia Okoth au ninamlilia yeye.

Baba alimchukua Rongo akajifunze ushonaji, na huko Rongo ndiko alikobaki. Ana kibanda chake karibu na soko, cherehani mbili, na sifa ambayo wateja huisimulia hadi Isebania: hapimi kwa tepu. Ana vipande virefu vya utepe mtupu, usio na alama yoyote, na kila mteja ana wake. Anauzungusha kiunoni mwako, anafunga fundo. Anaushusha begani, anafunga fundo jingine. Ukirudi mwaka ujao anautoa kwenye msumari wako ukutani na kukuambia umenenepa au umekonda, kwa kuangalia fundo tu. Wateja hucheka, lakini nguo zinakaa. Mimi niliketi mbele ya zile tepe zisizo na nambari mara nyingi, nikijua kwa nini ziko hivyo, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufungua mdomo. Niliogopa. Mtu aliyebeba maji kichwani humwiti kwa ghafla.

Aliyemwita ni binti yangu, Adhiambo, ambaye hajui kuogopa. Tulikuwa tumetoka Nairobi kuelekea Kosele, tukapita Rongo kulala kwa Achieng Ijumaa ile ili tusisafiri siku ya Sabato. Adhiambo alikuwa ameketi kwenye benchi ya wateja na daftari la shule, akinong'ona na kufuta, mara akasema kwa sauti, "Anti Achieng, hebu ona. Nimegawanya moja kwa saba na hizi namba zinazunguka tu." Akaisoma, tarakimu moja moja, na mguu wa Achieng ukasimama juu ya pedali ya cherehani. Nilitaka kumnyamazisha mtoto. Akaendelea. Mara mbili. Mara tatu. Alifurahi vile vile, kwa maneno karibu yale yale, mpaka kwenye zile tisa zote, na sikuweza kumtazama dada yangu. Kisha Adhiambo akafanya jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifanya. Alizidisha kwa nane.

"Ai, imeharibika," akasema. "Imekuwa 1142856. Ile saba ya mwisho imekuwa sita. Na kuna moja imekuja huku mbele, sijui imetoka wapi."

"Haijaharibika," Achieng akasema. Hakugeuka. "Itoe hiyo moja ya mbele, uiongeze kule nyuma kwa sita."

Kalamu ikakwaruza karatasi. "Woi! Imerudi! Ni ile ile!"

"Itarudi hata ukizidisha kwa tisa, hata kwa mia," dada yangu akasema. "Kinachozidi mbele, kirudishe nyuma. Mara itakuwa zile tisa, mara itakuwa mduara wako. Hakuna kinachopotea."

Mtoto alikimbia nje kumwonyesha binti wa jirani. Tukabaki wawili. Nilimuuliza Achieng alijua lini kwamba nambari hurudi, na sauti yangu ilitoka ya mtoto wa miaka minane. Alikata uzi kwa meno.

"Siku ile," akasema. "Walipokuwa wanamwaga udongo. Sikutaka, Awuor, kichwa kilienda chenyewe. Sabato ya nane ilikuwa kesho yake na kichwa kikataka kujua nani ananawa kwanza. Nikaona saba imepungua. Nikaona ile moja iko mbele peke yake. Nikairudisha, ikatoka sawa. Ikatoka sawa kabisa, hata kovu hakuna. Halafu nikainua macho nikawatazama nyinyi."

Miaka yote hiyo tulidhani anaiogopa nambari kwa sababu iliua. Kumbe alishindwa kuisamehe kwa sababu ilipona, nasi hatukupona. Nililia palepale kibandani, kati ya nguo za watu, naye akanipa kipande cha kitambaa cha sare ya shule nijifute, akarudi kwenye mshono wake kabla jua halijatua.

Siku hizi watoto wanahesabiwa kila mahali na hakuna anayeshtuka. Adhiambo ana nambari ya shule, nambari ya hospitali na nambari ya kiti katika gari lililotuleta. Dani amelala karibu na Okoth tangu zamani, chungu chake kilipasuka, na mimi hupika viazi kwa gesi ghorofani, mahali ambapo hakuna moshi wa kunipa kisingizio cha machozi. Nikipima siku zile na hizi, sitasema zile zilikuwa bora. Tulizika sana siku zile. Lakini tuliogopa kitu kwa pamoja, na kuogopa kwa pamoja ni namna ya kupendana ambayo sijui binti yangu ataipata wapi.

Ijumaa ile kule Rongo, jua likikaribia kutua, Achieng alichemsha viazi, na kupitia ukuta wa mabati nilimsikia akitaja majina polepole. Kesho yake, baada ya kanisa, tulikula kwenye sinia, na tulipomaliza kimoja kilikuwa kimebaki. Adhiambo aliuliza ni cha nani.

"Cha mjomba wako," Achieng akasema.

"Mjomba Ouma ama Omondi? Si hawako hapa."

Dada yangu alinitazama ng'ambo ya sinia, mahali pangu pa siku zote, mbele yake. Nikajua anachotaka kufanya, nikashika ukingo wa sinia, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuitamka ile idadi, si Mama, si Dani, si mimi katika kurasa hizi zote. Alifuta vidole vyake kwenye kanga, kimoja kimoja, akamgeukia mtoto.

"Sikiliza," akasema. "Sisi tulikuwa sita."